Mhariri, promo peke yake haiuzi filamu

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa timu nzima ya gazeti. Naandika kuhusu kurasa zenu za burudani na naomba barua hii muiweke yote hata kama ni ndefu, manake hili jambo liko moyoni siku nyingi na sioni mtu analisema waziwazi. Kila kona nasikia kauli moja, vijiweni, redioni, kwenye mahojiano ya waigizaji wetu, kwamba filamu ni promo tu, ukiwa na hela ya matangazo kazi umemaliza, na wahakiki ni watu wa kuponda kazi za wenzao wakati wenyewe hawajawahi kushika hata kamera. Mtu anakwambia kabisa we tafuta kiki, wiki ya uzinduzi ukumbi utajaa. Na kweli utajaa, hilo sibishi. Mimi nauliza wiki ya pili nani anakuja.

Huu mchezo wa wikiendi ya kwanza tumeupokea kutoka Marekani, na hata wao hawakuzaliwa nao. Zamani kule filamu nyingi zilikuwa zinaanza kwenye kumbi chache za miji mikubwa kama New York na Los Angeles, magazeti yanaandika, watu wanaambizana, ndo filamu inasambaa polepole kwenda mikoani. Juni 1975 kampuni ya Universal ikaitoa Jaws ya Steven Spielberg, ile ya papa, ikaifungua kwenye kumbi zaidi ya 400 kwa siku moja, na kabla ya hapo wakamwaga matangazo kwenye televisheni za nchi nzima, jioni familia zimekaa sebuleni wanakutana na papa. Ikawa filamu iliyoingiza hela nyingi kuliko zote mpaka Star Wars ya 1977 ilipokuja kuipita. Tangu hapo studio kubwa zikashika njia hiyo hiyo, fungua kila mahali kwa mkupuo, tangaza mpaka watu wakariri, kusanya hela kabla maneno hayajaanza mtaani. Ila wanaoisimulia hii stori huwa wanaruka kipande kimoja, kwamba Jaws ilikuwa filamu nzuri kweli, ilikaa kwenye kumbi kiangazi chote, na wale walioirudia mara ya pili na ya tatu hawakurudishwa na tangazo.

Wapo wasomi waliolichimba hili kwa namba. Mwaka 1997 Jehoshua Eliashberg na Steven Shugan walichapisha utafiti wakiuliza swali zuri sana, hivi mhakiki anawashawishi watu au anabashiri tu kile ambacho watu watakipenda? Wakakuta maoni ya wahakiki hayaendani sana na mauzo ya tiketi ya wiki za mwanzo, ila yanaendana vizuri na mauzo ya wiki za mbele na jumla ya mapato yote, wakaona mhakiki ni mbashiri zaidi kuliko mshawishi. Watu wa promo wakisikia hivyo wanashangilia, unaona, mhakiki hana nguvu. Mimi naisoma kinyume kabisa. Kama kuna mtu anaweza kukaa kwenye kiti siku moja kabla ya uzinduzi akatoka anajua mtaa utasema nini wiki ya nne, huyo ana thamani kubwa kwa msomaji mwenye hela ya tiketi moja tu kwa mwezi, na ana thamani kubwa zaidi kwa mtayarishaji anayetaka kujua kazi yake imeharibikia wapi. Halafu 2003 wakaja wengine watatu, Basuroy, Chatterjee na Ravid, wakaonesha kwamba wiki ya kwanza maoni mabaya yanaumiza kuliko maoni mazuri yanavyosaidia, na kwamba filamu yenye nyota wakubwa na bajeti kubwa inajikinga, haiumii sana. Hapo ndo pa kusimama Mhariri. Mkubwa ana ngao, mdogo hana.

Ndo maana mifano ya wakubwa isitudanganye. Transformers ya pili, ile Revenge of the Fallen ya 2009, wahakiki waliiponda vibaya mno na bado ikaingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani, na Venom ya 2018 ikapondwa hivyo hivyo ikapita milioni 850. Sasa mtu anazishika hizi mbili anafunga mjadala. Lakini hizo ni filamu za vitu ambavyo watazamaji wamekua navyo toka utotoni, midoli, katuni, vitabu vya picha, na nyuma yake kuna studio zenye uwezo wa kuteketeza dola milioni 100 kwenye matangazo peke yake. Nani huku kwetu ana hiyo hela? Na hata hiyo hela haina uhakika, John Carter ya Disney ya 2012 ilitengenezwa kwa zaidi ya dola milioni 250, matangazo yakamwagwa, ila trela hazikumweleza mtu hii ni filamu ya nini hasa, jina lenyewe wakalikata neno Mars likabaki jina la mtu ambaye vijana hawamjui, na Disney wakatangaza kwamba wanategemea hasara ya kama dola milioni 200. Hela ya promo ilikuwepo ya kutosha, kilichokosekana ni cha kumwambia mtazamaji.

Upande wa pili nao niuseme kwa haki, manake wapo wapenzi wa filamu wenzangu wanaoamini kizuri chajiuza. Hakijiuzi jamani. The Shawshank Redemption ya 1994 wahakiki wengi waliisifu, ikateuliwa Oscar kwenye vipengele saba, ila ilipotoka mara ya kwanza iliingiza kama dola milioni 16 tu kule Marekani wakati ilitengenezwa kwa milioni 25. Jina gumu kutamka, stori ya jela, mapenzi hakuna, na msimu huo huo watu wanaenda kuona Forrest Gump na Pulp Fiction. Leo iko kwenye orodha za filamu zinazopendwa zaidi duniani, lakini kilichoiokoa ni kanda za kukodi na televisheni, ukumbini mwaka ule watu walikuwa wachache. Kwa hiyo sisemi promo haina kazi. Barbie ya 2023 ilikuwa na mabango ya pinki yenye tarehe tu bila hata jina la filamu na kila mtu akajua ni nini, ikavuka dola bilioni 1.4, lakini wahakiki nao waliipenda na watu walitoka ukumbini wakawavuta wenzao, yaani vyote viwili vilikutana.

Sasa nije kwenye stori ambayo kwangu mimi inamaliza ubishi. Mwaka 2000 na 2001 matangazo ya filamu za Sony yalikuwa yanamnukuu mhakiki mmoja anaitwa David Manning wa gazeti la The Ridgefield Press, gazeti dogo la kila wiki huko Connecticut. Huyu Manning alikuwa anasifia tu. Kwenye A Knight's Tale akamwita Heath Ledger nyota mpya mkali wa mwaka, na The Animal, vichekesho ambavyo wahakiki wengi hawakuvipenda, yeye akavimwagia sifa. Juni 2001 mwandishi John Horn wa jarida la Newsweek akafuatilia, akakuta The Ridgefield Press hawana mtu wa jina hilo, hayupo na hajawahi kuwepo, katungwa ndani ya idara ya matangazo ya studio yenyewe. Sony ikakiri. Waliokata tiketi wakaenda mahakamani, na 2005 Sony ikakubali kutoa dola milioni 1.5 kuimaliza kesi, mtu aliyeziona filamu zile akawa anaweza kudai dola 5 zake.

Hebu tulia hapo ujiulize. Kampuni kubwa kama ile, ina mabango, ina muda wa televisheni, ina nyota, ina trela, kwa nini ihangaike kumtunga mtu asiyekuwepo ili aseme sentensi mbili za kusifia? Kwa sababu walijua kuna kitu tangazo haliwezi kulifanyia filamu. Tangazo likijisifia kila mtu anajua linajisifia, hata mtoto anajua. Sauti ya mtu wa nje, asiye na fungu kwenye filamu, aliyekaa akaangalia akaandika anachokiona, hiyo hakuna bajeti inayoweza kuinunua ikabaki vile vile, ukishainunua imekufa. Kwa hiyo wakaighushi. Na walichokichukua bila ruhusa ni imani ya wasomaji wa gazeti dogo kwa gazeti lao, na gazeti halina hata habari. Mimi nikiifikiria hii stori nawafikiria nyie Mhariri, manake imani hiyo hiyo mnayo, na hamuitumii.

Siku hizi mchezo umehamia kwenye asilimia. Vijana wetu wengi kabla ya kwenda ukumbini wanaangalia Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, wakiona 90 wanadhani filamu imepata 90 kwa 100 kama mtihani wa shule. Sivyo. Ile ni asilimia ya wahakiki waliosema inafaa, basi. Filamu ambayo kila mhakiki kaiona ya kawaida ila inatazamika inaweza kupata 100, na filamu ambayo nusu ya watu wameipenda kufa na nusu wameichukia inaishia 50, na ikishuka chini ya 60 inabandikwa alama ya kuoza. Maneno yote ya mhakiki, sababu zake, wasiwasi wake, yamemezwa na namba moja ambayo studio inaibandika kwenye posta ikiwa kubwa na kuificha ikiwa ndogo. Na mwaka 2023 Vulture, chombo cha habari za burudani cha Marekani, kiliandika kwamba kampuni moja ya promo ilikuwa inawalipa wahakiki wadogo dola 50 au zaidi kwa filamu moja, na mwenye maoni mabaya akiombwa ayaweke mahali ambapo Rotten Tomatoes haiyahesabu. Dola 50 Mhariri! Huku kwetu hiyo tunaijua, ni bahasha.

Ukitaka kuona faida ya mhakiki mkweli usiangalie filamu kubwa, angalia ndogo. Hoop Dreams ya 1994 ni dokumentari ya karibu saa tatu kuhusu vijana wawili weusi wa Chicago wanaopigania kufika kwenye mpira wa kikapu wa kulipwa, nani angeiwekea mabango barabarani? Gene Siskel na Roger Ebert, wahakiki wa magazeti mawili pinzani ya Chicago waliokuwa na kipindi chao cha televisheni, wakaizungumzia hewani wakati hata msambazaji haijapata, wakaisemea na kuisemea, mwisho ikaingiza zaidi ya dola milioni 7 kwenye kumbi za Marekani, kwa dokumentari ya wakati ule ni hela nyingi sana. Au Parasite ya Bong Joon-ho, filamu ya Kikorea ya kusoma maandishi chini ya skrini. Ilichukua tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Cannes Mei 2019, Marekani wakaifungua kwenye kumbi tatu tu, tatu, njia ile ile ya kabla ya papa, wahakiki wakaibeba, kumbi zikaongezeka wiki hadi wiki, na Februari 2020 ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuchukua Oscar ya filamu bora. Ikapita dola milioni 250 duniani. Hakuna wikiendi ya kwanza iliyofanya hiyo kazi.

Sasa nyumbani. Enzi za DVD za Bongo Movie mteja alikuwa ananunua kava. Sura ya mwigizaji iko mbele, Kanumba, au Ray, au JB, umeshatoa hela, hakuna popote ulipoweza kusoma kama ndani kuna stori au hakuna, halafu ukifika katikati unaambiwa pati 2 iko sokoni, unatoa tena. Magazeti ya udaku yalikuwa yanatuambia nani kaachana na nani na hiyo ndo ilikuwa promo yenyewe. Kanumba alipofariki Aprili 2012 watu walifurika barabarani, tuliwapenda kweli hawa watu, lakini kazi zao hatukuzijadili gazetini kama kazi, mwongozaji kafanya nini, mwandishi wa stori kakosea wapi, kwa nini huyu kaigiza vizuri pale na vibaya hapa. Naamini hilo lilichangia sana mteja kuchoka. Kadanganywa na kava mara kibao akaenda zake kwenye tamthilia za Kikorea na Kifilipino. Mwaka 2017 wasanii wetu wakaandamana Kariakoo kupinga filamu za nje, na najua wizi wa kazi zao uliwaumiza, hilo ni kweli tupu, lakini mteja aliyepoteza imani harudishwi na maandamano.

Vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video za mtaani, walikuwa na adabu zaidi kwenye hili. Promo yote ilikuwa ubao wa chaki nje, muvi gani saa ngapi, na neno la mwenye kibanda. Akikwambia leo kuna kali na isiwe kali, kesho huendi, manake wateja wake ni wale wale wa mtaa na atawakuta dukani na msikitini. Na sauti ya Lufufu hapa Dar au DJ Afro kwa wenzetu Kenya, wale wa kutafsiri filamu za nje, watu waliifuata kwa sababu waliiamini, mtu anaangalia filamu asiyoijua kwa kuwa yeye ndo katia sauti. Hiyo imani mtaani ilikuwepo, gazetini haikuhamia.

Chukua Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, imetoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi ambayo maelfu wameisoma mashuleni. Ikaenda tamasha la Toronto 2021, wahakiki wa huko wakaandika kuhusu picha zake, rangi zake, taarabu, Zanzibar ya ukoloni. Nimesoma uhakiki wa filamu ya Kiswahili, ya riwaya ya Kiswahili, kwa Kiingereza, kabla sijapata hata aya nne za maana kwa Kiswahili, zaidi ya habari kwamba imeenda Toronto. Hiyo inauma. Filamu kama ile haina hela ya mabango kila makutano ya barabara kuanzia Mwenge mpaka Mbagala, ilitakiwa kubebwa na kalamu. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu kule Kenya angalau ilikuwa na bahati mbaya iliyogeuka promo, ilifungiwa Aprili 2018 ikiwa ndo filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, Mahakama Kuu ikairuhusu siku saba tu mwezi Septemba na kumbi za Nairobi zikajaa. Lakini hatuwezi kusubiri kila filamu ifungiwe ndo watu wajue ipo.

Nyie Mhariri mnaweza kulibadilisha hili na wala halihitaji hela nyingi. Saivi ukurasa wenu wa burudani filamu mpya ikitoka tunapata picha za uzinduzi, nani kavaa nini, maneno ya mtayarishaji kwamba hii ni kazi ya kimataifa, na mwandishi aliyekaribishwa kwa kadi ya VIP na akapewa nauli ya kurudia hawezi kuandika kwamba nusu ya pili inachosha. Simlaumu kijana huyo, mshahara wake naujua ulivyo, lakini mpelekeni mtu kwa tiketi mliyoilipia nyie, sio siku ya uzinduzi, siku ya kawaida na watu wa kawaida. Nusu ukurasa kila Ijumaa inatosha kuanzia. Jina lake liwekwe ili tukikubaliana naye au tukimkatalia tujue tunabishana na nani, tumzoee, tujue huyu anapenda vichekesho na yule hana uvumilivu na filamu ndefu, manake mhakiki anakuwa na faida pale ambapo msomaji anazijua ladha zake. Na asiishie kusema nzuri au mbaya, aseme kwa nini, sauti inasikika au haisikiki, stori inaeleweka au haieleweki.

Halafu mtafuteni namba. Marekani kila Jumapili studio zinatoa makadirio ya mauzo ya wikiendi, kesho yake zinatoka hesabu kamili, mtu yeyote anaona filamu imeshuka kwa asilimia ngapi wiki ya pili na uongo unaishia hapo. Huku kwetu tunasoma imevunja rekodi, rekodi gani, ya tiketi ngapi, kwenye kumbi ngapi, hakuna anayeuliza. Mwandishi wenu arudi ukumbini wiki ya tatu aulize dirishani watu wangapi wanakuja na aandike, hata kama mtayarishaji atanuna, hata kama kampuni itaacha kuleta tangazo kwa mwezi mmoja. Na filamu ya kwanza mtakayoihakiki ikiwa ni ya rafiki yenu, iandikeni vile vile mngeiandika ya mtu msiyemjua.

Ni mimi msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam